Mama Anjelmo

Hospitali ya Newala, dirisha la pili.
Foleni ilianza wakati ukungu bado umekalia bati.
Nimembeba mtoto wa wiki sita mgongoni
na homa inayonigonga mifupa mmoja mmoja
kama fundi anayetafuta pa kuanzia kubomoa.

"Jina?"
Felizarda.
"Felista," anaandika.
Namwachia. Herufi mbili tatu si kitu
kwa mtu aliyeacha nyumba, bata saba
na sufuria ya mihogo jikoni ikichemka.

"Kitambulisho?"
Sina.
"Hata namba tu, iliyo kwenye simu."
Simu ninayo. Laini yake ni ya ng'ambo,
huku haishiki mnara.
"Bima?"
Nasema simfahamu.
Nyuma yangu mtu anacheka, bila ubaya;
hata mimi ningecheka ningekuwa nyuma yangu.

"Barua ya mtaa basi."
Hiyo nimeihangaikia siku tatu.
Ya kwanza, mwenyekiti kaenda mnadani, korosho zinauzwa.
Ya pili yupo, muhuri haupo,
muhuri uko kwa mtendaji, mtendaji yuko Mtwara kikaoni.
Ya tatu muhuri umepatikana, wino umekauka.
Akautemea mate, akaukandamiza kwa ngumi,
ikabaki duara hafifu
kama alama ya kikombe juu ya meza.
Naifungua kwenye pindo la kanga.
Mwandishi (Somoe, kibandiko cha kifuani kinasema)
anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza.
"Haisomeki hii, dada."

Sibishi.
Mimi mwenyewe nani ameweza kunisoma?
Wenyeji wanasema chi, sisi tunasema shi.
Chimakonde, Shimakonde:
bibi zetu walichanjwa nyuso kwa wembe wa aina moja,
lakini nikifungua tu mdomo sokoni kununua ndoo ya maji
muuzaji ananitazama miguu
kama vile bado inachuruzika Ruvuma.

Ukitoka hapa, ukitembea hadi mwisho wa uwanda
ardhi inakatika ghafla,
wanapaita Shimo la Mungu.
Chini kule mto, ng'ambo ya mto, kwetu.
Jumapili niliona moshi.
Sikumuuliza mtu unaungua nini.

"Mtoto kazaliwa wapi?"
Hapahapa. Wodi ile yenye dirisha la wavu,
usiku ule umeme ulipokatika
na muuguzi akashika tochi kwa meno.
"Kadi yake je?"

Kadi!
Naitoa, imeloa jasho, imekunjika pembe.
Anjelmo. Mvulana. Kilo tatu na robo.
Chanjo ya bega, tarehe, sahihi,
na pale juu, kwa wino usiofutika, namba.

Mwanangu wa wiki sita ana namba.
Mimi wa miaka thelathini na moja nina yeye.

Somoe anagonga kalamu mezani, mara nne, mara tano.
Anamtazama mwenzake wa dirisha la kwanza,
mwenzake anatazama kwingine.
Anakata "Felista" kwa mstari mmoja,
juu yake anaandika: Mama Anjelmo.
"Kwa leo," anasema.
"Huyu hatozwi, ni mtoto. Wewe utalipia kipimo.
Dawa... tutaona dirishani huko."

Nina elfu mbili na mia tano,
malipo ya kupalilia mikorosho ya watu.
Kipimo kinazimeza zote.

Nakaa kwenye benchi. Ninalirudia lile neno,
kwa leo, kwa leo,
nalipima kama mtu apimavyo nauli ya kurudi.
Kesho akiketi mwingine pale, nitaitwa nani?

Mlango wa maabara unafunguka.
"Mama Anjelmo!"
Hakuna anayesimama.
"Mama Anjelmo jamani, yupo?"
Nami nageuza shingo na wengine
kumtafuta huyo mwanamke aliyechelewa,
mpaka mwanangu akastuka mgongoni, akalia,
na benchi zima likanitazama.